Fritz Schlumpf, patroni aliyeficha motokari 400

Kule Bulaya, mu muji wa Mulhouse, mashariki ya Ufaransa, Fritz Schlumpf na mkubwa wake Hans walikuwa mapatroni wa viwanda vya nyuzi za sufu. Fritz, aliyezaliwa mwaka wa 1906, alikuwa na ugonjwa mmoja: motokari za zamani, zaidi sana Bugatti, zilizotengenezwa mu jimbo lilelile, kule Molsheim.

Alizinunua kimyakimya. Mwaka wa 1964, Mmarekani John Shakespeare alimuuzia Bugatti 30 kwa mara moja. Zilitoka Illinois juu ya mabehewa ya treni, zingine zikiwa zimechakaa kabisa. Ndani ya kiwanda kimoja cha zamani, mafundi walitengeneza injini, viti na rangi mpaka zikang'ara, na waliagizwa wasiseme kitu inje. Motokari zikapita 400. Watu wengi wa muji hawakujua.

Lakini biashara ya sufu ilianguka. Mwaka wa 1976 kazi ikasimama, wafanyakazi wakagoma, nao Schlumpf wakakimbilia Uswisi. Mwezi wa tatu 1977, wafanyakazi wakaingia kwa nguvu mu kile kiwanda. Kumbe franga ya jasho lao njo ilikuwa pale, inang'ara chini ya taa za kifahari! Walikamata pale karibu miaka miwili, wakifungulia watu mlango waje kujionea.

Serikali ikakataza motokari zisitawanywe, na mwaka wa 1982 pakafunguliwa makumbusho. Fritz alikufa 1992. Bugatti Royale zake mbili zingali mule.