Robert Bunsen na Rangi za Moto

Je, umewahi kuona mchuzi wenye chumvi ukifurika na kudondokea jiko la mafuta ya taa? Mwali wa buluu hugeuka mara moja kuwa wa manjano. Chumvi ya Uvinza, ambayo wapagazi wa misafara waliibeba zamani katika njia ya Ujiji na Tabora, hufanya vivyo hivyo. Mmoja wa watu waliotufundisha sababu yake ni Robert Bunsen.

Bunsen alizaliwa mwaka 1811 huko Göttingen, Ujerumani, akawa mwalimu wa kemia. Siku moja, alipokuwa akichunguza kemikali yenye sumu, chombo chake kililipuka. Jicho lake la kulia likapofuka, naye akanusurika kufa. Hata hivyo hakuacha uchunguzi.

Mwaka 1855, akisaidiwa na fundi Peter Desaga, alitengeneza kichomeo chenye mwali usio na rangi kali. Kilitumia gesi iliyotolewa katika makaa ya mawe kwa kuyapasha moto pasipo hewa. Bunsen hakudai malipo kwa kichomeo hicho. Kila mtu aliruhusiwa kukiiga.

Yeye na rafiki yake, Gustav Kirchhoff, walichoma vitu katika mwali huo na kutazama mwanga wake kupitia kioo chenye pembe tatu. Waliona kwamba kila elementi ina rangi zake. Sodiamu ya chumvi hutoa manjano. Potasiamu, ambayo imo katika majivu ya kuni, hutoa zambarau hafifu. Metali hizi mbili zimo pia katika makaa ya mawe. Makaa yakipata joto kali, sehemu yake hugeuka mvuke na kutoka pamoja na moshi.

Mwaka 1860 waliona mistari ya buluu wasiyoijua. Kama wachemsha chumvi wa Uvinza, Bunsen alikausha maji ya chemchemi, zaidi ya tani 40, akapata gramu chache tu za chumvi ya elementi mpya, sesiamu. Mwaka uliofuata waligundua rubidiamu.

Bunsen alifariki mwaka 1899. Wewe nawe uwe mvumilivu katika uchunguzi, na uyalinde macho yako.

Maswali
1. Kwa nini chumvi hugeuza rangi ya mwali?
2. Bunsen alipataje sesiamu?
3. Makaa ya mawe yakipata joto kali, ni metali zipi hutoka pamoja na moshi?