Tom Mboya na Hesabu ya Watu Walio Tayari

Tarehe 5 Julai 1969, risasi zilikatiza maisha ya Thomas Joseph Mboya katika barabara ya Nairobi ambayo siku hizi huitwa Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38. Wanafunzi wetu humkumbuka kwa safari za ndege zilizowapeleka vijana kusoma Marekani, zilizoanza na vijana 81 mwaka 1959. Ni wachache wajuao kwamba alipouawa alikuwa Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi, na kwamba kazi yake katika wizara hiyo ndiyo iliyoacha alama kubwa zaidi nchini.

Mboya alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake, mwenyeji wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa mnyapara. Alisoma Mang'u, shule aliyosoma pia Mwai Kibaki wa Othaya, kisha akajifunza ukaguzi wa afya. Hakuwa mchumi wa shahada. Uchumi aliujua kwa kutetea mishahara: mwaka 1955 alisuluhisha mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Mombasa, halafu akaenda kusoma katika chuo cha Ruskin, Oxford. Aliporejea aliendelea kuwahutubia wafanyakazi kwa Kiswahili, nao wakamwelewa.

Alikabidhiwa wizara ya mipango mwishoni mwa 1964. Mwaka uliofuata ulitoka Waraka wa Serikali Nambari 10, kuhusu ujamaa wa Kiafrika na upangaji wa uchumi wa Kenya. Waraka huo ulishauri kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza katika sehemu zenye rutuba, mvua, barabara, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Faida ya huko, ilitumainiwa, ingesaidia sehemu nyingine baadaye. Sisi wa eneo la Mlima Kenya, wenye kahawa na chai kuanzia Gakindu hadi Othaya, tulihesabiwa miongoni mwa waliobahatika. Mikoa mikavu ya kaskazini ilisubiri.

Rutuba na mvua hupimika. Je, utayari wa mtu hupimwaje? Mwezi Julai 1965, Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliukosoa waraka huo katika jarida, akihofia kwamba mali ingeangukia mikononi mwa wachache. Ulikuwa mjadala wa maana, lakini ulifanywa kwa Kiingereza, na mkulima aliyekuwa akijadiliwa hakuusikia.

Jibu moja lilipatikana hapa hapa Nyeri, Mboya akiwa amekwisha kufa. Tetu ilikuwa miongoni mwa maeneo sita yaliyochaguliwa kwa Mpango Maalumu wa Maendeleo ya Mashambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti waligundua kuwa mabwana shamba waliwatembelea zaidi wakulima waliokwisha kuendelea, wakawapita wengine. Basi wale waliopitwa wakaitwa katika mafunzo mafupi ya kilimo cha mahindi chotara, wakapewa na mkopo wa pembejeo. Wengi mno waliyapanda. Kumbe walikuwa tayari siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaeleza kwa lugha yao na kuwapa cha kuanzia.

Ikiwa dhana hiyo ilikosea ndani ya wilaya moja yenye neema, yafaa tujiulize ilikosea kiasi gani kuhusu Turkana au Wajir. Katiba ya 2010 ilianzisha hazina maalumu ya kuyainua maeneo yaliyoachwa nyuma, ikaagiza wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, na ikakifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Mambo hayo matatu hayatenganiki. Mwananchi hawezi kuipinga hesabu asiyoielewa.

Walimu, hapo ndipo wajibu wetu ulipo. Kila mpango wa uchumi, hata ule wenye tarakimu nyingi, umesimama juu ya dhana fulani kuhusu watu. Tuwafunze wanafunzi kuitafuta dhana hiyo, kuitamka kwa Kiswahili sanifu, na kuipeleka barazani ikajadiliwe na wale inaowahusu. Mboya aliweza kuwaeleza makuli hesabu ya mshahara wao. Waraka wake nao ulistahili kuelezwa hivyo.