Robert Mayer, munganga aliyepima nguvu ya chakula

Mtu anayebeba mzigo, nguvu yake inatoka wapi? Kila mama sokoni atajibu: ni chakula. Lakini kiasi gani cha chakula kwa mzigo gani? Wa kwanza kulitolea jibu la hesabu alikuwa munganga wa Ujerumani, Julius Robert Mayer, na jibu hilo lilimletea taabu kubwa.

Alizaliwa Heilbronn tarehe 25 Novemba 1814, baba yake akiwa na duka la dawa. Alipokuwa mtoto alijaribu kutengeneza gurudumu la maji la kuzunguka lenyewe, bila kusukumwa na kitu. Likakataa. Akasomea uganga Tübingen, akamaliza 1838.

Mwaka wa 1840 alipanda meli ya Waholanzi kama munganga wa mabaharia, mpaka kisiwa cha Java. Kule Surabaya mabaharia wakaanza kugonjwa. Zamani zile waganga walikuwa wanatoa wagonjwa damu ili kuwatibu. Mayer alipotoboa mshipa akashtuka: damu inayorudi moyoni, ile ambayo kwao ilikuwa nyeusi-nyeusi, hapa ilitoka nyekundu kabisa. Alidhani ametoboa mshipa usio wenyewe.

Akafikiri hivi: kwenye inchi ya joto, mwili hauchomi chakula kingi ili ubaki na joto lake, ndiyo maana oksijeni nyingi inabaki ndani ya damu. Mwingine angeishia hapo. Mayer akasonga mbele: chakula kilekile kinacholeta joto ndicho kinacholeta na kazi ya mikono. Basi joto na kazi ni kitu kimoja kinachobadilisha sura, na lazima kuwe na bei ya kubadilisha, kama franga na dola.

Bei hiyo aliitoa 1842: kitu kikianguka mita 365, kazi yake inatosha kupasha maji ya uzito uleule digrii moja. Leo inajulikana kwamba ni mita 427 hivi. Njia yake ilikuwa sawa. Vipimo vya gesi alivyovikuta ndivyo vilikuwa vibovu.

Chukua bidon ya maji ya litre 20. Kuiinua mita moja mara 21 ni kazi ya kalori moja tu, zile kalori zinazoandikwa kwenye paketi ya biskuti. Lakini mwili ni kama moto wa makala: karibu robo tatu ya chakula inatoka kama joto, ndiyo maana mtu anatoka jasho. Kwa hiyo kalori moja inaisha kwa kuinua mara tano hivi. Kijiko kidogo cha sukari kina kama kalori 16, ni bidon 80 na zaidi, bila kuhesabu mgongo wenyewe unaoinama na kuinuka. Kumbe sukari kidogo inafika mbali!

Mwaka wa 1845 Mayer alieleza kwamba misuli haijichomi yenyewe. Ingekuwa hivyo, moyo ungekwisha kwa siku chache. Misuli ni mashine. Kuni zake ni chakula kinacholetwa na damu, na chakula hicho kilipata nguvu yake kwenye jua, kupitia majani ya mimea. Kitabu hicho alikichapisha kwa pesa zake mwenyewe.

Wataalamu wengi hawakumsikiliza. Alikuwa munganga wa mji mdogo, na fizikia yake haikuwa imenyooka. Wakati huo James Joule wa Uingereza alikuwa anapima jambo hilohilo kwa vyombo vizuri, sifa zikaenda kwake. Mwaka wa 1848 Mayer alifiwa na watoto wawili, kisha gazeti likamchekelea mbele ya watu. Mwezi wa tano 1850 alijirusha kupitia dirisha, akaumia vibaya lakini akapona. Baadaye alifungiwa kwenye nyumba za wagonjwa wa akili, akatoka 1853.

Aliyemtetea ni mtu wa Ireland, John Tyndall, ambaye mwaka wa 1862 alisimama London akaeleza kazi ya Mayer mbele ya watu wakubwa wa sayansi. Mwaka wa 1871 Waingereza wakampa Mayer medali ya Copley, ileile waliyokuwa wamempa Joule mwaka mmoja mbele. Kifua kikuu kilimuua palepale Heilbronn tarehe 20 Machi 1878. Kipimo cha nishati kinachotumika leo duniani kote kinaitwa joule.