Mwalimu na Kete 64

Sisi wa Ualimu tunamsoma Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea; mimi kumbe nimevutiwa na bao lake. Alizaliwa Butiama 1922, akasoma Tabora, kisha akarudi mji huohuo wa misafara kufundisha St. Mary's. Hapo, yeye na mwalimu mwenzake Andrew Tibandebage wakaendesha tawi la TAA. Bao alilicheza mpaka uzeeni. Kete 64, mnatazamana: mwenzako unamjua akila na akiliwa.

Januari 1958, hapohapo Tabora, kura tatu nusura iipasue TANU. Kama mcheza bao, alikubali kuliwa kete leo ashinde kesho, na wengi wakamwamini. Uhuru ukaja 1961.

Nyie mnaoanzisha kampuni hapa chuoni, kabla ya kugawana hisa, chezeni kwanza.