Bwana Nyoka wa Liwale na Swali la Sanduku

Kwetu Bariadi ukitaja nyoka, wa kwanza kukumbukwa ni mgoyangi, yule mcheza ngoma wa Kisukuma anayejiviringishia chatu shingoni huku watazamaji wakirudi nyuma hatua tatu. Mavuno yakiisha, Bagalu na Bagika wanashindana, na masanduku ya nyoka yanafunguliwa. Lakini mtu aliyevuma kuliko wote kwa nyoka katika nchi hii hakuwa Msukuma. Alikuwa Mwingereza mwenye asili ya Kigiriki, C. J. P. Ionides, ambaye watu wa Kusini walimwita Bwana Nyoka. Namleta kwenu kwa sababu maisha yake yanatusogeza kwenye swali linalomhusu kila anayeweka nyoka ndani: kwa nini nyoka wa sandukuni hazai?

Ionides alizaliwa mwaka 1901. Alisoma shule ya Rugby, ambako hakuwa na raha. Alichopenda ni wanyama, na habari za Frederick Selous, yule mwindaji aliyekuja kuuawa vitani mwaka 1917 kule Beho Beho, upande wa Rufiji. Akapitia chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akatumikia India, kisha katika miaka ya 1920 akaletwa Tanganyika na jeshi la King's African Rifles. Alipoacha jeshi aligeuka mwindaji, na jangili pia: aliua ndovu upande wa Kongo bila kibali.

Mwaka 1933 Idara ya Wanyamapori ikamwajiri. Ni kama mwizi kupewa funguo za ghala, ila huyu ghala alililinda kweli. Kituo chake kikawa Liwale, na kwa zaidi ya miaka 20 alisukuma upanuzi wa Pori la Akiba la Selous hadi likawa miongoni mwa mapori makubwa kabisa Afrika. Hapa tusimpambe. Upanuzi ule uliendana na kuhamisha vijiji, serikali ya kikoloni ikitaja ugonjwa wa malale. Kuna familia zilizoacha mashamba na makaburi ya wazee wao, na hawakuulizwa kama wanataka.

Nyoka walimteka akiwa mtu mzima. Akawa anaitwa huku na huku, hasa Newala, watu wakimwonyesha mti wa mwembe wenye yule nyoka wa kijani ambaye Wazungu humwita mamba (msimchanganye na mamba wetu wa Mto Simiyu). Alimshusha kwa koleo refu. Kwa kifutu wa Gaboni, nyoka mnene mwenye meno marefu kuliko nyoka wote wenye sumu, alifanya jambo la kutisha zaidi: alimgusa kichwani taratibu kwa koleo, na akiona ametulia, alimshika shingo kwa mkono mmoja, kiwiliwili kwa mkono wa pili, akamnyanyua. Aliumwa na nyoka mara kadhaa na bado hakuacha. Maelfu ya nyoka walipita mikononi mwake wakaenda kwenye makumbusho, bustani za wanyama na maabara za sumu.

Kilichomtofautisha na mkamataji wa kawaida ni daftari. Kila nyoka alipimwa urefu, jinsia ikatazamwa, na waliokufa wakapasuliwa kuona tumboni kuna chakula gani na kama jike ana mayai. Baadaye aliandika kumbukumbu hizo pamoja na Charles Pitman, mtaalamu wa nyoka wa Uganda. Ukiangalia chakula na mayai kwa pamoja, unaanza kuelewa uzazi wa nyoka.

Nyoka jike huzaa kwa akiba. Ng'ombe wetu akipata mimba anaendelea kula kila siku. Nyoka ni kinyume: lazima kwanza ajaze mafuta mwilini, ndipo mayai yakue. Chatu jike akishataga hujiviringisha juu ya mayai wiki nyingi bila kula. Kifutu hatagi nje, anabeba watoto tumboni, na wanaweza kuzidi 30 kwa mzao mmoja. Jike aliyekonda baada ya mzigo huo anaweza kupitisha mwaka mzima bila kuzaa tena. Si ugumba huo, ni njaa.

Ila msikimbilie kumshindilia. Nyoka wa ndani anayelishwa kupita kiasi hunenepa hovyo, na jike mwenye mafuta kupindukia naye hazai vizuri. Aina ya chakula pia ina maana. Panya mzima ana mifupa yenye kalisi na ini lenye vitamini. Minofu mitupu ya ng'ombe haina mifupa hiyo. Halafu kuna joto. Nyoka hajipashi moto kama sisi, kwa hiyo asipopata mahali pa joto, hata chakula alichomeza kinaweza kumwozea tumboni. Mabadiliko ya msimu, yaani baridi kidogo, mvua, urefu wa mchana, huwaambia wengi wao kwamba wakati wa kupandana umefika. Sandukuni misimu yote ni mmoja. Ongeza hofu ya kushikwashikwa, na mayai yanayokauka au kuzidiwa joto, utaona kwa nini sanduku haliwi nyumba ya uzazi.

Matokeo yake ni hesabu rahisi. Kama wa ndani hazai, kila msimu lazima mwingine atoke porini, na ukichukua jike mwenye mimba umechukua na kizazi kilichomo. Wanaobaki kucheka ni panya, kwenye maghala yetu ya mahindi ya Maswa na Itilima. Ionides mwenyewe haepuki lawama hii. Alijua mengi kuhusu uzazi wa nyoka kwa sababu aliwatoa wengi mno porini.

Alifariki mwaka 1968 jijini Nairobi, akazikwa mlima Nandanga, ndani ya Selous aliyoipigania. Baada ya hapo wanyama wake wakaandamwa na majangili, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Wagoyangi wetu wana elimu ya dawa na tabia za nyoka waliyorithishana vizazi na vizazi, na sioni sababu ngoma ife. Kinachokosekana ni daftari. Sisi tutakaopangiwa shule za Simiyu tunaweza kukaa na wazee hao, tuandike nyoka amekula nini, lini, na jike gani amerudishwa porini kabla hajataga. Mzee anajua, mwanafunzi anaandika, na chatu anabaki na watoto wake.