Harriet Tubman: Hakupona, Lakini Alitumika

Wiki hii tumkumbuke mama aliyezaliwa mtumwa huko Maryland, Marekani, yapata mwaka 1822. Akiwa bado msichana, nyapara alimrushia mtumwa mwingine jiwe la mizani, chuma kizito. Likampiga Harriet kichwani. Tangu hapo kichwa kilimuuma maisha yake yote, na usingizi ulimshika ghafla hata akiwa anaongea.

Alikuwa mtu wa maombi, lakini ugonjwa haukuondoka. Je, imani yake ilikuwa ndogo? Tazama matendo yake. Mwaka 1849 alitoroka utumwani. Kisha akarudi kule kule kama mara 13, akatoa watu wapatao 70, wakisafiri usiku. Usingizi ukimwangusha njiani, wenzake walingoja kimya mpaka aamke, ndipo safari iendelee. Watu wakamwita Musa. Mwaka 1863, wakati wa vita, aliwaongoza askari katika Mto Combahee, na watumwa zaidi ya 700 wakawa huru. Alilala katika Bwana mwaka 1913, akiwa na miaka kama 90.

Hapa Isiolo kuna watoto waliopatwa na kiharusi. Mkono hauna nguvu, mguu unaburuta. Tuwaombee, ndiyo. Lakini tusiwaambie mama zao hawana imani, wala tusiwafiche ndani tukingoja muujiza. Tuwape kazi nyumbani mwa Bwana. Na wakichoka njiani, sisi tungoje. Amina.