Franklin na mpira wa mkojo wa kaka yake

Msomaji wa Chala, wilayani Nkasi, anauliza kuhusu baba yake mwenye tezi dume. Mzee amewekewa mpira wa mkojo namba 16, na sasa mkojo unavuja pembeni. Jirani amemshauri kijana aende Sumbawanga anunue namba 22, eti mpira mnene utaziba vizuri. Je, anunue?

Asinunue. Sababu yake aliihofia zamani mtu ambaye sura yake iko kwenye noti ya dola 100 ya Marekani.

Benjamin Franklin alizaliwa Boston Januari 1706, baba yake akiwa mtengeneza sabuni na mishumaa mwenye watoto 17. Shule aliiacha na miaka 10. Akajifunza uchapaji kwa kaka yake James, wakagombana, na akiwa na miaka 17 akatorokea Philadelphia. Huko akawa mchapaji wa gazeti na mtu wa kujiweza. Mwaka 1736 ndui ilimchukua mwanawe Francis, mtoto wa miaka minne, ambaye hakuwa amekingwa kwa njia ya wakati ule. Franklin alijuta mpaka uzeeni, akaliandika jambo hilo ili wazazi wengine wasichelewe. Mwaka 1751 alisaidiana na Dk. Thomas Bond kuanzisha Hospitali ya Pennsylvania. Habari yake ya kurusha tiara kwenye mawingu ya radi, mwaka 1752, wengi wameisoma shuleni.

Mwishoni mwa mwaka huohuo, kaka yake mwingine, John, alikuwa Boston akiteswa na mawe ya kibofu. Mirija ya kutolea mkojo iliyotumika sana enzi hizo ilikuwa ya fedha, migumu, na njia ya mkojo ya mwanamume ina kona. John alitamani mrija unaopinda. Franklin alikwenda kwa sonara, akamwelekeza, akakaa palepale mpaka kazi ikaisha: waya wa fedha uliosokotwa kama springi. Ungeweza kuvalishwa utumbo mwembamba wa mnyama uliosafishwa, au kupakwa mafuta tu ili uteleze.

Katika barua ya tarehe 8 Desemba 1752 alimweleza kaka yake wasiwasi mmoja: huenda mrija ni mnene mno na utamuumiza. Ikiwa hivyo, sonara yeyote angeweza kuusokota upya kwenye waya mwembamba zaidi. Sonara si daktari, lakini hapo Franklin alikuwa sahihi kabisa.

Namba ya mpira ni unene wake. Igawe kwa tatu upate milimita: namba 16 ni zaidi kidogo ya milimita 5, namba 22 ni zaidi ya 7. Mtaalamu huchagua mwembamba kabisa unaopitisha mkojo vizuri. Kwa kawaida wanaume huwekewa 14 au 16, wanawake 12 au 14. Minene zaidi hutumika hospitalini, kwa mfano mkojo unapokuwa na mabonge ya damu. Mpira mnene husugua njia, na kovu lake linaweza kuibana njia hiyo baadaye. Mkojo ukivuja pembeni, mara nyingi kibofu kinajikaza, mpira umekunjwa au umeziba, au mgonjwa ana choo kigumu. Mpeleke mzee kwa waliomwekea waangalie hayo. Mkojo ukikata kabisa na tumbo la chini likauma, au akipata homa, aende siku hiyohiyo.

Ukitumwa duka la dawa, uliza pia aina. Mpira wa lateksi ni wa muda mfupi. Wa silikoni ni ghali zaidi lakini unaweza kukaa hadi wiki 12, na kwa anayeishi mbali na hospitali nauli inayookolewa si haba. Watoto wana namba zao, kama 6, 8 na 10. Mwenye mtoto wa mgongo wazi aombe usio na lateksi, maana watoto hao hupata mzio wake kwa urahisi. Jina Foley kwenye pakiti ni la Dk. Frederic Foley wa Marekani, aliyeuwekea mpira puto la kuushikilia ndani miaka ya 1930.

John alifariki Januari 1756. Franklin naye alipata jiwe la kibofu uzeeni, akiwa balozi Ufaransa. Mtikisiko wa gari la farasi ukawa mateso kwake, na upasuaji hakuutaka. Mwaka 1787, katiba ya Marekani ilipokuwa ikiandikwa, alibebwa kwenye kiti kwenda mkutanoni. Miaka ya mwisho alituliza maumivu kwa afyuni. Alifariki Philadelphia tarehe 17 Aprili 1790, akiwa na miaka 84, kwa ugonjwa wa kifua.